Na waliochora leso je?

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanasha,

Salamu nimezipata, na picha ulizotengeneza kwa simu pia. Ile ya buluu yenye mistari inayokatikakatika imenikaa moyoni. Ya manjano, hapana.

Wauliza kama una haki ya kujiita msanii wakati programu ndiyo iliyopaka rangi, na kakako akucheka eti umebonyeza tu. Mwambie haya hayakuanza na simu yako. Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alianza kuchora kwa kompyuta mwaka 1968: miraba mitupu, anaivuruga kidogo kidogo mpaka ipate uhai. Alipofariki 2023, hakuna aliyeipa kompyuta mkono wa tanzia. Harold Cohen, Mwingereza, aliandika programu yake mwenyewe, AARON, akakaa nayo zaidi ya miaka 40. Kuna wakati mashine ilichora mistari, yeye akatia rangi kwa mkono.

Linalonitatiza mimi ni jina la pembeni mwa picha, sahihi ya mchoraji. Mwaka 2018 Christie's, wauzaji wa mnada, waliuza New York sura iliyotengenezwa kwa programu, ya bwana mmoja wa kubuni, Edmond de Belamy, imefifia kama ya ndotoni, kwa dola 432,500. Waliotoa ile kazi ni Wafaransa watatu. Mahali pa sahihi waliweka hesabu ya aljebra! Sehemu ya programu waliichukua kutoka kwa kijana Robbie Barrat, aliyeiacha wazi kwenye intaneti. Pembeni hayumo.

Lakini sisi tutamcheka nani? Nashinda dukani Biashara Street nikiuza leso. Kitazame kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe, hamna mtu wala mnyama. Kama hiyo si sanaa dhahania, basi sijui. Leso nyingine utasoma "Mali ya Abdulla", yaani mfanyabiashara. Aliyechora mji wa katikati na pindo hatajwi, wala hakuna mteja aliyepata kuniuliza. Wateja huuliza jina la leso na bei, basi.

Kisheria usiwe na wasiwasi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 yasema kazi ikitokana na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya mipango ya kuiwezesha. Mimi lakini si hakimu. Kwangu msanii ni anayejua kukataa, kwa hivyo nitumie na zile ulizozifuta, kama bado zimo simuni, unambie kila moja ilikukera nini.

Doti yako imefika. Nimeificha, maana wa harusi wameshaiulizia.

Wako,
Zuhura