Kompyuta Ikiganda, Izime kwa Amri Badala ya Kubana Kitufe

Kompyuta ya kaunta ikiganda, wengi hukimbilia kitufe cha kuwashia na kukibana mpaka skrini iwe nyeusi. Kama programu ya mauzo ilikuwa inaandika kwenye diski, faili linabaki nusu, na kesho yake hesabu hazifunguki. Maadamu kibodi bado inaitika, tumia amri.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

shutdown /s /t 60

Herufi s ni ya kuzima. Weka /r ikiwa unataka ijiwashe upya. Hiyo 60 ni sekunde. Ukikumbuka kuna risiti hujaihifadhi, andika upesi shutdown /a, na uzimaji unafutwa.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi. Muda ukizidi sifuri, Windows hujiongezea /f hata kama hukuiandika, yaani sekunde zikiisha kila programu inafungwa kwa nguvu, bila kuulizwa kama unahifadhi. Ukiandika /t 0 bila /f, programu yenye kazi ambayo haijahifadhiwa inaweza kuzuia kwanza. Ndiyo maana tunawashauri wateja wetu wahifadhi, wafunge programu ya mauzo, kisha waandike shutdown /s /t 0.

Amri hii ina faida nyingine. Mteja anatuambia amezima na kuwasha, lakini printa bado haisomi. Kwenye Windows 10 na 11, kuzima kwa menyu mara nyingi hakuzimi kabisa: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka, na hitilafu inaweza kurudi nayo. Amri ya shutdown /s huzima moja kwa moja, mradi usiongeze /hybrid, inayorudisha uzimaji huo wa nusu.

Kwa seva (kompyuta inayohudumia nyingine) inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, andika who kwanza uone nani bado yumo ndani, kisha:

sudo shutdown -r +10

Walio ndani wanapata taarifa na dakika 10 za kumaliza. Usipotaja muda, inasubiri dakika 1. Kughairi ni sudo shutdown -c. Kwa kuzima, weka -h badala ya -r. Ikichelewa kuzimika, usichomoe waya taa ya diski ikiwa bado inapepesa, kwani huenda hifadhidata inamalizia kuandika.