Mwanangu, shika vyote viwili

Mwanangu hujambo? Sisi huku Dodoma wazima, upepo tu wa mwezi wa nane si unaujua, ukianika kibao cha duka nje dakika tano rangi imeshashika vumbi. Meseji yako nimeisoma mara tatu. Eti mwalimu kakwambia uchague, kuchora au kuandika, vyote viwili huviwezi. Hilo neno limeninyima usingizi ndo maana nakuandikia kwa kirefu.

Lile kaunta buku langu unalikumbuka, lililokuwa linakaa pembeni ya kopo la tina? Kuna ukurasa una alama ya dole gumba, nyekundu, ni siku niliyomaliza ule ukuta wa mibuyu na ng'ombe, wiki tatu juu ya ngazi na wewe uko tumboni. Jengo likapata mwenye mpya akapaka nyeupe juu yake, hata kuniambia hakuniambia, nimepita zangu nakuta ukuta mweupe pee. Nililia sana. Ila kwenye daftari mibuyu yangu ipo, nimeandika ile nyekundu niliichanganya na nini, nimeandika na yule bibi wa Kigogo aliyesimama mpaka jua linazama akasema ng'ombe wa tatu ni kama wa marehemu mumewe, sasa hilo ningelichoraje?

Afu kumbuka Kolo, ukishapita Kondoa kama unaenda Babati, tulivyopanda Mungomi wa Kolo kwenye yale mapicha ya kale ya mwambani, ukiwa darasa la tano. Wale watu warefu wembamba, nywele kama zimetimka, rangi ile nyekundu ya udongo wenye chuma, mpaka leo ipo kwenye mwamba na Warangi bado wanaenda kutambika pale. Yule mama mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikaa huko 1951 anayanakili moja moja, kitabu kikatoka 1983, na UNESCO wakayaingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Wewe ukanishika gauni ukauliza, mama, aliyechora hapa anaitwa nani? Nikakosa jibu. Mkono wake tunauona kabisa, jina hakuna, siku ile alikuwa na njaa au ameshiba, alikuwa anaomba mvua au anafurahi tu, hakuna anayejua.

Ila yule mchoraji Mholanzi Van Gogh, kafa 1890, mpaka leo tunajua aliagiza rangi gani na siku gani alikosa hela, kwa sababu alikuwa anamwandikia mdogo wake Theo barua, mamia ya barua, na humo humo ndani anachora vijipicha vya kazi anayoifanya. Huyo naye angeambiwa achague?

Mimi sikusoma kama wewe mwanangu, lakini brashi nimeishika tangu kabla hujazaliwa na najua ninachosema.

Ijumaa nakutumia mzigo kwa basi, kuna karanga, kuna ubuyu, na kaunta buku jipya. Ukimaliza kuchora usioshe mikono kwanza, andika. Na uniambie ukuta wa hosteli yenu una rangi gani.

Mama yako