Barua ya wazi kwa mkubwa wetu wa afya: tuulizeni na tambuu, si sigara peke yake

Mheshimiwa,

Shikamoo na salamu za heshima. Jina lako sitaji na ofisi yako sitaji, wewe mwenyewe wajijua. Ndiwe ulokuja mtaani kukata utepe wa kliniki, tukakupigia vigelegele, tukakutandikia na leso upite. Siku ile nlikaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki na nakumbuka ulituahidi kina mama kwamba kila mwenye mimba atakaeingia kliniki atatoka ameelimishwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Miaka sita hiyo.

Jumanne ilopita wifi yangu kajifungua mimba ya miezi saba. Mtoto kilo 1.6, na wanasema mtoto akiwa chini ya 2.5 tayari ni mdogo, sasa huyu ni nini? Mkono wake wote waweza kuushika kwa vidole viwili. Wamemfunga kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi apate joto, na sisi tunapokezana kupeleka uji na nguo.

Sasa sikiliza. Pale wodini kulikuwa na binti wa mafunzo, hata chuo hajamaliza, ndie aliyemuuliza wifi, dada watumia tumbaku yoyote, ya kutafuna, ya kunusa ama ya kuvuta? Wifi kakasirika, kasema mie sivuti sigara, mie na tambuu yangu tu. Binti akauliza kwa upole, na hiyo tambuu ndani mna nini? Kimya. Manake ndani mna popoo, mna chokaa, mna katu, na mna tumbaku, kila mtu Mombasa ajua isipokuwa fomu zenu.

Kliniki wifi alikwenda mara tano, Mheshimiwa. Mara tano kapimwa presha, kapimwa damu, kapewa vidonge vya kuongeza damu, kaulizwa wavuta sigara, kasema la, kapigiwa alama, haya mwengine aingie! Wala hakusema uongo. Mwanamke wa Kibokoni na buibui lake ukimuuliza sigara ataona umemtusi, lakini tambuu baada ya chakula si kitu cha kuficha, harusini inaletwa kwenye sinia.

Na mie nalia na la kwangu, nlikuwa sijalisema hadharani. Mimba yangu ya pili moyo ulikuwa ukinichafuka mpaka maji yanarudi, marehemu mama mkwe, Mungu amrehemu, kanambia weka ugoro kidogo chini ya mdomo utatulia. Kweli ukatulia. Kidogo ikawa kila asubuhi, kisha ikawa siwezi kuosha vyombo bila ugoro. Mwezi wa nane mtoto akaacha kucheza. Nikaambiwa ni kadari ya Mungu na sikatai, wengine wakasema ni jicho, kuna jirani akasema ni kwa sababu nlibeba ndoo za maji, na hilo la maji pia ni lenu lakini leo liwache. Sisemi ni ugoro uliomuua mwanangu, hakuna daktari atakaeniapia hivo. Nasema hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeweka nini mdomoni.

Yule binti katufafanulia dakika kumi tu. Nikotini, ile ya ndani ya tumbaku inayokufanya ushindwe kuwacha, haijali imeingia kwa moshi ama kwa ufizi, inapita kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, na mishipa ya mama inabana, damu inayomfikia inapungua, ndo maana wengine wanakuja wadogo, wengine kabla ya siku zao, wengine wanafia tumboni. Na chokaa ya tambuu na magadi ya ugoro ndo yanayoifanya nikotini iingie mwilini kwa haraka. Mie miaka yote nadhani magadi ni ya ladha! Hata kwenye maziwa ya kunyonyesha inapita. Dakika kumi, Mheshimiwa, na hakutumia projekta wala hoteli ya semina.

Wasichana wetu nao wako kwenye shisha, ati maji yanachuja. Maji hayachuji gesi ya mkaa, ile ile inayoua watu waliofunga madirisha na jiko ndani, na Shirika la Afya Duniani lilishasema kikao cha saa moja chaweza kukuingizia moshi mara 100 na zaidi ya sigara moja. Si mlipiga marufuku nyie, Desemba 2017? Halafu Januari 2024 mahakama ya hapa hapa Shanzu ikasema marufuku hayana nguvu kwa sababu kanuni hazikupelekwa bungeni inavyotakiwa, serikali ikasema bado yapo. Haya yapo wapi, mbona nikipita usiku nasikia harufu ya tofaa na mnanaa? Na sheria ya tumbaku ya 2007 haisemi sigara tu, ya kutafuna na ya kunusa imo, lakini ule ugoro wa duka la pembeni kwangu unauzwa kwenye kikaratasi cha nailoni, onyo liandikwe wapi?

Lakini hayo ya maduka najua utaniambia si yako, ni ya fulani, na fulani ataniambia ni yako. Basi nimeyawacha. Ya maji nimewacha. Nataka swali moja kliniki. Moja. Nesi asiulize "wavuta sigara?", aulize "watumia tambuu, ugoro, kuber, shisha?" (kuber ni ile tumbaku ya pakiti ya kuweka mdomoni) ayataje kwa majina yake, kwa sauti ya kawaida bila kumfokea mtu, na akijibiwa ndio asimfukuze, amwambie athari yake na amsaidie kuwacha, manake hata ukiwacha katikati ya mimba mtoto anapata nafuu. Wino wa swali moja wagharimu shilingi ngapi?

Wifi yangu ameulizwa akiwa ashazaa. Mie sikuulizwa kabisa.

Saa kumi nakwenda wodini na flaski ya uji. Ukipata nafasi pita, binti yule zamu yake ni mchana, muombe akuandikie hilo swali.

Ni mie, mama wa mtaani, ulinipa mkono ile siku ya utepe.