Ziara ya vitalu na bustani Jumamosi: naomba uthibitisho

Habari zenu wapenzi wa mimea,

Jumamosi ndiyo siku yetu. Tukutane saa 1:30 asubuhi pale tunapokutana siku zote. Saa 2:00 kamili tunaondoka. Tutaanza na vitalu viwili kabla jua halijawa kali, kisha bustani. Kurudi ni saa 10:00 jioni.

1. Nauli tutagawana sawa. Mweka hazina atawatangazia kiasi akishapata idadi.
2. Njooni na boksi la kubebea miche, maji ya kunywa na kofia.
3. Bustanini hatukati kipandikizi bila ruhusa, hata kajani kamoja. Tafadhali sana.

Mtakaonunua, geuzeni jani mtazame upande wa chini. Huko ndiko hujificha vidung'ata na nzi weupe, wadudu wadogo wanaofyonza mimea. Ukiona mizizi imetokeza kwenye matundu ya chungu, mche umebanwa humo muda mrefu, afadhali uchukue mwingine. Mimi huchagua wenye machipukizi mapya kuliko uliojaa maua. Ukifika nyumbani, utenge mche mpya mbali na mimea mingine kwa wiki 2 hivi.

Andika NAKUJA au SIJI hapa kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku. Mwenye nafasi kwenye gari lake aseme pia ni ya watu wangapi.

Karibuni sana!