Televisheni haikuua sinema zetu

Mhariri,

Asalaam aleikum. Kila Majestic, ile sinema ya zamani ya Vuga mjini Unguja, inapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba sinema za Unguja ziliuliwa na televisheni. Wiki hii nimelisikia tena barazani, kutoka kwa kijana ambaye hajawahi kukata tiketi hata ya sinema moja, nikaona niandike.

Zanzibar tuliipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara waliingoja mpaka 1994. Kama televisheni ndiyo muuaji, basi sinema zetu zingezikwa mapema na za Dar es Salaam zingeishi miaka ishirini zaidi. Haikuwa hivyo. Tuliangalia televisheni, ya jirani kama si ya kwako, na Jumapili bado tiketi ya picha ya Kihindi uliinunua kwa mlanguzi. Bara na visiwani sinema zilianza kuyumba pamoja, miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na video ikaingia. Picha mpya haziji, mashine haina vipuri, na huku kanda za video zinateremka na wasafiri kutoka Ghuba, zimefunikwa na nguo sandukuni. Nani atalipa kuona picha aliyokwisha kuiona mara nne? (Mama yangu angelipa. Zipo picha za Raj Kapoor alizozirudia mpaka akajua atalia wapi, na alilia pale pale.)

Wageni siku hizi huambiwa historia ya jengo la Majestic: kwamba lilifunguliwa 1921 kwa jina la Royal, kwamba mchoraji wake alikuwa Sinclair, yule yule wa jumba la makumbusho la Beit el Amani, kwamba liliungua 1954 na kujengwa upya mwaka uliofuata. Vizuri. Ya baiskeli hawaambiwi.

Picha moja ilikuwa ikionyeshwa sinema mbili usiku mmoja kwa nakala moja tu. Huku wanaanza, kule wanachelewesha kidogo. Mkanda wa kwanza ukimalizika unafungwa kwenye baiskeli, kijana anaukimbiza hadi sinema ya pili, kisha anarudi kuufuata unaofuata, hivyo hivyo mpaka picha iishe. Mjomba wangu aliifanya kazi hiyo ujanani. Usiku mmoja wa masika mnyororo ulimtoka karibu na Darajani, naye akaubeba mkanda begani na kukimbia kwa miguu, kanzu kaifunga kiunoni. Alipofika, miluzi ilikuwa inasikika mpaka nje. Husema kwamba kwa dakika zile ukumbi mzima ulikuwa unamngoja yeye, si Raj Kapoor, na mlangoni hakuna aliyempa hata pole.

Mama hakuwa akienda usiku. Yeye na wenzake walikuwa na onyesho lao la mchana, la wanawake peke yao, wakijaa na mabuibui yao, watoto na karanga. Mlango ukishafungwa, anasema, waliimba kwa sauti ambayo nyumbani wasingethubutu kuitoa. Nimetafuta picha moja tu ya foleni yao mlangoni sijaipata, ilhali picha za ukuta wa mbele wa Majestic ziko tele.

Mazungumzo ya kulikarabati jengo nayasikia kwa miaka sasa, na nayaunga mkono. Lakini mawe yanaweza kumngoja mfadhili. Mjomba ametimiza miaka 85, na wawili kati ya waliokuwa wakipokezana naye mikanda tumewazika tangu Ramadhani iliyopita. Naomba kupitia gazeti lako, watu wa ofisi ya Nyaraka pale Kilimani, au kijana yeyote mwenye simu ya kurekodi, aje amsikilize. Majina ya waendesha mashine, walinda milango na walanguzi bado anayo kichwani, na walanguzi anawakumbuka zaidi, kwa sababu ambazo hataki kuzisema mbele yangu.

Waje asubuhi. Akishaswali adhuhuri hulala.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Zanzibar