Kabla hatujauza shamba tuambiwe ukweli wa hizi kozi za chuo

Mhariri, naomba nafasi kidogo, najua barua ni nyingi ila hili linanikera kila matokeo ya fomu siksi yakitoka. Baraza yoyote unayopita hapa Wete utasikia ama "digrii siku hizi haina maana" ama "msomeshe mtoto hata ubaki na kanga moja", na wote hao sijamuona alokaa na kalamu akapiga hesabu.

Watu wakitaja gharama wanataja ada. Ada ndo nyepesi jamani, imeandikwa kwenye karatasi unaiona, na mtoto akipata mkopo wa bodi yetu ya mikopo ya Zanzibar ilioanzishwa 2011 inapungua makali. Kinachommaliza mzazi ni visivyoandikwa. Mtoto wa Pemba akipangiwa chuo Tunguu kule Unguja hawezi kurudi kulala kwao, kwa hivo ni dakhalia au chumba cha kukodi, kula, daladala, laptopu, bando kwa sababu kazi zote siku hizi zinatumwa kwa intaneti, boti kila likizo na kila sikukuu, halafu yale mafunzo kwa vitendo anaenda kufanya kazi ya watu bure na nauli unatoa wewe. Na juu yake miaka mitatu minne haingizi hata shilingi, hii hakuna anaeihesabu kabisa, wakati mwenzake alopita mafunzo ya amali pale Vitongoji akatoka na ufundi umeme yupo Paje au Nungwi kwenye mahoteli anapokea, kidogo lakini anapokea.

Labda na sisi tulizoea vibaya, tangu Mzee Karume atangaze elimu bure 1964 skuli kwetu ni kitu cha serikali, chuo kikitufikia kinatukuta mikono mitupu tunakimbilia mikarafuu. Na mkarafuu huo una miaka mingi ya kuungojea mpaka uanze kuzaa, ukishauuza ndo umekwenda.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi watoto wasiende chuo. Hawa wakubwa wanaotwambia vijana wote wawe mafundi, wa kwao mbona wako vyuoni? Na hoteli nazo tuliziona 2020 corona ilipoingia, watalii hakuna, vijana wakarudi na mabegi yao huku mwalimu na nesi wa serikali mshahara unaingia. Udaktari na unesi huwezi kuupata kwa kukaa karibu na fundi, lazima usome. Tena mtoto wa kike mimi namwambia kabisa soma mwanangu, ndoa ikivunjika cheti kinabaki.

Tatizo langu ni kuwa digrii zinatajwa kama zote ni moja. Mwalimu wa fizikia na hesabati anatafutwa, mwengine mwenye digrii ya jina refu zuri anakaa na bahasha miaka. Mtaani kwetu yupo kijana kasomea utawala wa biashara sasa anaendesha bodaboda, si aibu kuendesha bodaboda ila leseni ile angeipata bila babaake kuuza kiwanja. Na kozi yenyewe alichaguliwa na rafiki yake.

Kwa hivo ninachoomba ni kimoja, wizara ivilazimishe vyuo vyote, vya serikali na vya binafsi, vitoe kwa kila kozi hesabu ya waliomaliza miaka miwili mitatu nyuma, wangapi wana kazi, wangapi wana kazi ya kile walichosomea, na mzazi atumie kiasi gani kwa mwaka pamoja na kula na kulala. Wasiseme hawajui pa kuwapata, walipokuwa wanawadai ada walikuwa wanawapigia simu mpaka usiku. Na itoke kabla ya udahili, si baada ya watoto kuripoti, maana hapo shamba lishapata mtu.

Mama wa watoto wanne,
Wete, Pemba