Mkiandika bwawa la tope limekaguliwa, tuambieni limepimwaje

Ndugu Mhariri,

Kila bwawa la tope la mgodi, yaani la mabaki ya mawe yaliyosagwa yakiwa na maji, linapotajwa gazetini, habari inaisha vilevile: wataalamu wamelikagua, liko salama. Naomba waandishi wako waongeze swali moja: je, presha ya maji ndani ya tope ilipimwa, na mpimaji alisubiri hadi itulie?

Mimi ni fundi wa mtambo wa koni, kifaa cha kupima udongo au tope chini kwa chini. Nyumbani ni Majengo, Moshi, ila riziki iko Kanda ya Ziwa, kwenye mabwawa ya migodi. (Hapa kwetu koni haina kazi kubwa. Labda Mabogini kwenye mpunga. Ukipanda juu, mawe ya mlima yataivunja.) Koni ni chuma chenye ncha, kipenyo milimita 35.7. Tunaisukuma chini kwa fimbo za mita moja moja, mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde. Ncha inapima ugumu, ubavu unapima msuguano, na nyuma ya ncha kuna kichujio kidogo ambamo presha ya maji inasomwa. Kichujio hicho tunakiloweka kwenye mafuta, na kabla ya kushusha tunaivisha koni mpira mwembamba, maana hewa ikipenya hata kidogo, namba zitakazotoka ni za uongo.

Juu ya bwawa unaweza kukuta pamekauka hadi pamepasuka, mtu anapita na viatu vyake vya kanisani. Shuka mita chache, fimbo zinazama karibu kwa uzito wake zenyewe. Huko tope limelala ovyo, maji yamebanwa katikati ya chembe. Likizidiwa mzigo au likitikiswa, nguvu zote zinaliishia ghafla, linatiririka kama uji. Mkaguzi aliyesimama ukingoni atayaonea wapi hayo?

Ukifika tabaka hilo unasimamisha mtambo na kuangalia presha, iliyopandishwa na kusukuma koni, ikishuka hadi itulie. Kwenye tope laini sana inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kwenye mgodi mmoja msimamizi aliniambia, "Fundi, unalipwa kwa mita, siyo kwa kukaa kivulini." Akaamuru tung'oe. Nikaandika kwenye karatasi ya vipimo: haikutulia. Sijui neno hilo kama lilifika kwenye ripoti.

Bwawa la Brumadinho, Brazili, lilikuwa limeacha kupokea tope tangu 2016, na cheti cha uimara lilikuwa nacho. Januari 25, 2019 likaporomoka, wakafa watu 270. Hapa nchini kuna Mwadui, mgodi wa almasi Shinyanga, Novemba 2022: kingo zilipasuka, tope likaingia kwenye mashamba na nyumba za watu. Sisemi koni ingezuia lolote kati ya hayo. Kingo nazo zina mambo yake. Ila wanaoishi chini ya bwawa wana haki ya kujua kilichopimwa.

Kwa hiyo namba hizo zibandikwe ofisi ya kijiji, zikiwa na tarehe, kina, na muda ambao mpimaji alisubiri. Siku ya kuzisoma mbele ya wananchi, fundi aliyepima naye aitwe. Mpaka leo mimi sijawahi kuitwa.

Fundi wa koni
(jina limehifadhiwa)
Majengo, Moshi